Hashiriki Meza ya Bwana, je, asile na sisi?

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Mbeya. Kanisa langu sitalitaja. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tuna ibada ya Meza ya Bwana, na tangu mwaka jana tukitoka hapo tunakula chakula cha mchana pamoja. Wazo lilitoka kwetu akina mama. Tuliona watu wanapeana mikono mlangoni kisha kila mmoja anashika njia yake, wengine tunasali benchi moja na majina hatujuani. Mimi ndiye niliyekabidhiwa jiko.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Siku hizi ikikaribia Jumapili hiyo nakosa usingizi. Chakula tunachangia, shilingi 3,000 kwa mtu mzima, na mpokea michango hukaa mlangoni na daftari. Wasio nayo huondoka kimya kimya baada ya baraka ya mwisho. Kwa wanaobaki, mbele kuna meza kuu ya mchungaji, wazee, wageni na wafadhili. Wao hupata pilau yenye nyama, matunda na soda. Wengine hula wali na maharage, sahani mapajani, na maji. Sisi wapishi tunakula mwisho, jikoni, mara nyingi ukoko. Wapo pia akina mama wenye waume Waislamu. Waume hao huja kuwachukua, wakabaki nje wamekaa kwenye pikipiki zao mpaka shughuli iishe.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni binti mmoja, fundi cherehani, ana miaka 22. Alizaa kabla ya ndoa, akatengwa Meza ya Bwana. Ibada hakosi. Hukaa benchi la nyuma kabisa na mtoto wake wa miaka mitatu. Hivi karibuni mzee mmoja alimfuata wakati wa chakula akamwambia mbele za watu kwamba chakula hiki ni mwendelezo wa Meza ya Bwana, asiyeruhusiwa kule na huku asikae. Akamsomea na andiko, "msikubali hata kula naye". Binti aliinuka, akambeba mtoto kijiko kikiwa bado mdomoni. Tangu siku ile namwekea sahani, naifunika kwa sahani nyingine na kumpitishia dirisha la nyuma la jiko. Anakula na mwanawe chini ya mparachichi, upande wa choo.

Baba wa mtoto anajulikana. Anaimba besi kwaya kuu na anashiriki kila mwezi, kwa sababu hakuna aliyelipeleka jina lake barazani.

Mume wangu anasema niachane na mambo ya wazee, kazi yangu ni sufuria. Wenzangu wawili wanaona bora tusitishe chakula kabisa. Je, yule mzee alisema kweli? Na mimi nifanye nini?

Mama wa Jikoni, Mbeya

JIBU

Amina, mama. Pole kwa mzigo huu, na asante kwa kuandika.

Msisitishe chakula. Mkikifuta, binti ataendelea kukaa benchi la nyuma, mwimbaji wa besi ataendelea kuimba, wasio na 3,000 wataendelea kuondoka mapema, ila hakutakuwa tena na mahali pa kuyaona haya. Chakula chenu kimefichua jambo lililokuwepo siku nyingi.

Sasa nianze na mzee wenu, maana amesema jambo zito na linastahili jibu la heshima. Kwamba chakula cha pamoja na Meza ya Bwana vina undugu, hapo ana haki. Kwa Wakristo wa kwanza vilikuwa kitu kimoja. Walikutana nyumbani kwa mtu, wakala chakula cha kushibisha, na ndani ya chakula hicho hicho wakamega mkate na kunywa kikombe kwa ukumbusho wa Bwana. Ndiyo maana Paulo, akiwaandikia Wakorintho katikati ya miaka ya 50 BK, anazungumzia njaa, ulevi na Chakula cha Bwana kwa pumzi moja. Meza hizo mbili zilitengana polepole, na katika karne ya 4 Mtaguso wa Laodikia, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa, ulikataza karamu za upendo zisifanyike ndani ya majengo ya kanisa.

Basi tukubaliane na mzee kwamba chakula chenu ni mwendelezo. Hebu tukitazame sasa kwa jicho hilo. Kwenye Meza ya Bwana, je, mchungaji hupewa kipande kikubwa cha mkate kuliko mama muuza mchicha? Kuna kikombe cha wafadhili na kikombe cha wengine? Kuna mtu mlangoni anayedai stakabadhi? Hakuna hata kimoja. Wote mkate mmoja, wote kikombe kimoja. Kama chakula cha mchana ni mwendelezo wa hapo, meza kuu yenye pilau na soda haiwezi kusimama hata Jumapili moja zaidi. Na kama si mwendelezo, ni chakula tu cha ndugu, basi hakuna sababu ya kumwinua mtu kwenye kiti kwa hoja ya nidhamu ya Meza. Mzee achague mojawapo. Kumtoa binti kwa hoja ya kwanza na kubaki na soda kwa hoja ya pili haiwezekani.

Andiko alilosoma lipo, ni 1 Wakorintho 5:11, na sitakwambia ulipuuze. Ila alisome lote. Paulo anataja mtu aitwaye ndugu "akiwa ni mzinzi au mwenye kutamani au mwenye kuabudu sanamu au mtukanaji au mlevi au mnyang'anyi". Mwenye tamaa ya mali yumo. Mtukanaji yumo, na anayemwaibisha mama mbele ya mtoto wake ajiulize anasimama wapi. Tena tazama kisa chenyewe. Ni mwanamume aliyekuwa akiishi na mke wa baba yake, hadharani, bila kuacha, na kanisa likijivuna. Kuna ulinganifu gani kati ya mtu huyo na binti anayekuja ibadani kila wiki, anayelea mtoto peke yake kwa cherehani na hajajitetea hata kwa neno? Katika waraka wa pili, sura ya 2, Paulo anawahimiza Wakorintho hao hao wamsamehe na kumfariji mtu aliyekwisha kuadhibiwa, asije akamezwa na huzuni. Anayetumia sura ya 5 ya waraka wa kwanza kama amri na kuiacha sura ya 2 ya waraka wa pili hajamaliza kusoma.

Mahali pa kusimama wewe, mama, ni sura ya 11 ya waraka wa kwanza, kwa sababu inasema habari za jiko lako hasa. Nyumba za matajiri wa Korintho zilikuwa na chumba cha kulia chenye makochi ya watu kama 9, wakila huku wamejiegemeza kwa ubavu. Wataalamu wengi wa Agano Jipya wanaona kwamba wenye nafasi walitangulia kuingia humo na kuanza kula, na vibarua na watumwa waliochelewa kutoka kazini wakaishia uani na kilichosalia. Paulo anawaka: "Au mnalidharau kanisa la Mungu, na kuwatahayarisha hao wasio na kitu?" Kisha anatoa agizo ambalo hata mtoto wa Shule ya Jumapili analielewa: "mkutanikapo mpate kula, mngojane". Onyo linalosomwa makanisani mara nyingi kabla ya Meza, la kula na kunywa isivyostahili, limekaa katikati ya ugomvi huu wa vyakula. Tumezoea kumwelekezea macho binti wa benchi la nyuma tunapolisikia, hali Paulo aliwaandikia waliokuwa wamekwisha kushiba.

Desturi ya kuwapangia wageni chakula kwa vyeo vyao ilikuwa imeenea sana Roma. Mwandishi mmoja Mroma, Pliny Mdogo, anasimulia katika barua yake karamu ambayo mwenyeji alitenga divai ya aina tatu: ya kwake na wakubwa wenzake, ya marafiki wa chini, na ya waliokuwa watumwa wakaachwa huru. Mgeni wa pembeni akamuuliza Pliny yeye hufanyaje nyumbani kwake. Akajibu kwamba huwapa wote kitu kile kile, kwa kuwa amewaita kula, hakuwaita kuwapanga madaraja. Si gharama kubwa hiyo? Hapana, akasema, maana hao walioachwa huru hawanywi divai yangu, mimi ndiye ninayekunywa yao. Mtu huyu hakuwa Mkristo. Baadaye, akiwa gavana wa Bithinia, jimbo la Roma katika Uturuki ya leo, mnamo mwaka 112, aliwahoji Wakristo na kuwahukumu. Kama yeye aliliona hilo, baraza la wazee wa Mbeya litaliona.

Na jibu la Pliny linamaliza hesabu ya jiko lako. Usijitese kutafuta hela za kuwapa watu wote pilau na soda. Mchungaji na wazee wale wali na maharage kama wengine. Nyama ikipatikana, ikatwe ndogo ndogo na kuungwa kwenye mchuzi wa wote. Maharage ni rafiki wa kanisa. Wakija watu 30 ambao hukuwatarajia unaongeza maji, nyanya na kitunguu, mambo yanakwenda. Huko kwenu mna mchele wa Kyela, viazi, ndizi na maparachichi ya Rungwe, mtu hahitaji kutembea na noti mkononi ndipo aitwe mchangiaji. Daftari la mlangoni liondoke. Wekeni kapu kubwa lenye mfuniko karibu na mlango wa kuingilia, mwenye 10,000 atie, mwenye 500 atie, aliyeleta kisado cha mchele akipeleke jikoni asubuhi, na asiye na kitu apite bila kuulizwa. Atakuwepo mtu wa kusema mkono mtupu haulambwi. Mwambie mkono wa yule bibi asiye na senti unaweza kuchambua mchele, na ukiwa hauwezi hata hilo, bado ana mdomo wa kula.

Kuhusu wale waume walioko nje, jambo ni jepesi na mnalijua tayari kwenye misiba na harusi zenu. Kuku au mbuzi achinjwe na jirani Mwislamu, sufuria ziwe safi na nguruwe asikaribie, kisha mtu atoke akawaite kwa majina. Akikataa, mmemsalimia. Akiingia, mkewe atakula kwa amani bila kuchungulia dirishani.

Sasa nije kwenye lile dirisha lako la nyuma. Mama, najua ulifanya kwa huruma, na siku ile ya kwanza hukuwa na njia nyingine. Lakini nakuomba uache kupitisha sahani pale. Kila mwezi unapofanya hivyo, mzee anapata alichotaka bila kulazimika kukitetea, na mtoto wa miaka mitatu anajifunza kwamba upande wa choo ndiyo nafasi yake kanisani. Wiki hii mtembelee binti kwenye cherehani yake. Usiende na ujumbe wa kanisa, nenda na nguo ya kushona ukae naye. Muulize anataka nini. Inawezekana hayuko tayari kurudi kwenye ukumbi ule. Usimlazimishe, na usimfanye mfano wa kampeni yako. Akikubali, wewe vua aproni ukakae naye, mtoto katikati yenu. Akihamishwa yeye, watakuwa wamekuhamisha na wewe, na mpishi mkuu akila chini ya mparachichi kila mtu atauliza kwa nini.

Hilo la wewe kukaa nataka ulisikie vizuri. Umeandika habari ya ukoko kana kwamba ni jambo dogo. Kikundi cha akina mama kinachopika kila mwezi, kisichokaa mezani, na pengine kisichosikia mahubiri kwa sababu ya kukoleza moto, nacho kimetengwa, ila hakuna aliyekipigia kura. Pika kwa zamu za jumuiya, wanaume wakiwemo. Kukuna nazi, kubeba maji na kuosha masufuria hakuhitaji kozi. Wapakuaji wapeleke sahani kwenye viti wakianza na wazee wasioweza kusimama foleni, wenye magongo na wenye watoto wadogo, na mtu asianze kula mpaka wapishi nao wameketi na sala imeombwa. Chakula kitapoa kidogo. Kipoe.

Swali la binti kurudi Mezani ni la mchungaji na baraza, na hapo sikushauri upigane ukiwa na mwiko. Kila kanisa lina utaratibu wake wa kutengwa na wa kurudishwa kundini. Utaratibu wenye mlango wa kutokea tu, usio na wa kurudia, si nidhamu ya kanisa. Kwa hiyo kuna maswali ambayo muumini yeyote ana haki ya kuyauliza barazani. Alitengwa kwa muda gani? Nani alipewa kazi ya kumtembelea? Ni lini mara ya mwisho alitembelewa? Na baba wa mtoto je?

Hili la mwisho usiliache kwa kuogopa kuitwa mchochezi. Sisemi umtaje kijana yule kwa kulipiza kisasi, wala sitaki naye apelekwe chini ya mparachichi. Lakini kanisa haliwezi kumhukumu mwanamke kwa kuwa tumbo lilionekana, na kumwachia mwanaume kwa kuwa lake halionekani. Matunzo ya mtoto nayo ni deni lake, iwe kwa njia ya wazee, iwe ustawi wa jamii, kama binti mwenyewe anataka. Tena deni hilo ni kubwa kuliko nafasi yake kwenye besi.

Uendeje barazani? Usiende peke yako, na usiende na orodha ya malalamiko. Anza na mama mchungaji. Naye hula meza kuu, lakini macho anayo. Mkiwa watatu au wanne, ombeni nafasi kwa mchungaji kabla ya Sikukuu ya Mavuno, kwa sababu siku hiyo kila nyumba huleta mazao ya shambani kwake na hakuna atakayeshangaa chakula kikitoka kwenye mavuno badala ya daftari. Ombeni Jumapili hiyo moja tu iwe bila meza kuu na bila mchango wa mlangoni. Baraza likiisha kuona, itakuwa vigumu kurudi nyuma.

Mkiulizwa mmeutoa wapi ugeni huu, mna majirani wa kuwaelekezea. Wamoravian, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, wana karamu ya upendo katika historia yao. Kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, kilianzishwa na wakimbizi wa imani mwaka 1722 kwenye ardhi ya Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, na baada ya miaka michache walikuwa wamegawanyika vibaya kwa mabishano ya kidini. Tarehe 13 Agosti 1727 walishiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Berthelsdorf, wakapatana. Inasimuliwa kwamba walipotoka hawakutaka kuachana, wakabaki makundi makundi wakizungumza, na Zinzendorf akawapelekea chakula kutoka jikoni kwake ili mtu asilazimike kwenda nyumbani kula. Kutoka hapo ikakua desturi: mkate na chai au kahawa, kitu kile kile kwa kila mtu, nyimbo na mazungumzo. Hawaihesabu kuwa sakramenti. Mtoto anakula, mgeni anakula, asiyeshiriki Meza anakula. John Wesley aliikuta kwao huko Savannah, Marekani, mwaka 1737, akaipeleka kwa Wamethodisti. Kwa hiyo meza iliyo wazi kwa wote, pembeni mwa ile yenye utaratibu wake, si uzushi wa akina mama wa Mbeya.

Mumeo mwambie nimemsikia. Amesema kazi yako ni sufuria, na mimi sijakushauri lolote nje ya hapo: nani apakuliwe, apakuliwe nini, akae wapi. Mwombe aje asubuhi ya Mavuno kusaidia kubeba maji.

Nitafurahi ukiniandikia tena. Hasa nataka kujua binti alikujibu nini ulipomtembelea, na baraza lilisema nini kuhusu yule wa besi.